Mswada wa Historia ya Tabora Hukaa Wapi Miaka Miwili?

Mtu aliyeandika historia ya Unyamwezi (nchi ya Wanyamwezi, Tabora) au ya Buha (nchi ya Waha, Kigoma), akaupeleka mswada wake kwenye idara ya uchapishaji ya chuo kikuu, mara nyingi huwa na lalamiko moja: kitabu hakitoki. Mwenye mashine ya kuchapa mjini angempa nakala 200 ndani ya wiki tatu. Chuo huchukua miezi 18 mambo yakienda vizuri, na yakienda vibaya ni miaka mitatu. Watu husema ni urasimu, na kwa kiasi fulani wana haki; mswada unaweza kulala miezi miwili kwa sababu tu kikao cha bodi kimeahirishwa. Lakini kuchapa kwenyewe ni wiki nne hadi sita za mwisho. Muda mwingine wote huliwa na kazi ambayo mwandishi haioni: kuhakikisha kila sentensi inaweza kufuatwa nyayo zake hadi ilikotoka.

Hapo ndipo mchapishaji na mchapaji wanapoachana. Mchapaji anauza karatasi na wino, na ukimpa makosa atayachapa vizuri tu. Mchapishaji wa chuo kikuu anaweka jina la chuo juu ya madai yaliyomo. Mwanafunzi wa miaka 30 ijayo atayanukuu madai hayo bila kuuliza, kwa hiyo ni lazima yawe yameulizwa mapema.

Sentensi moja mezani kwa mhariri

Tuchukue sentensi ya aina inayopatikana katika miswada mingi: "Mkoa wa Tabora ulikuwa chini ya Wajerumani kuanzia 1885 hadi 1918." Inasomeka vizuri, na vitabu vya shule vimeizoesha masikio. Mhariri anayeijua historia ya magharibi ataiwekea alama tatu.

Ya kwanza ni neno "mkoa". Wakati wa Wajerumani hapakuwa na Mkoa wa Tabora. Waingereza nao walikuwa na Jimbo la Magharibi, makao yake Tabora, na Kigoma ilikuwa ndani yake. Hata baada ya uhuru mipaka haikutulia: Mpanda ilikuwa Tabora mpaka Mkoa wa Rukwa ulipoundwa 1974, na leo iko Katavi. Wilaya za Kaliua, Buhigwe, Uvinza na Kakonko ni za juzi, 2012. Mwandishi anayesema "mkoa wetu" bila kueleza ni mipaka ya mwaka gani anaweza kujumlisha takwimu za kodi za mwaka 1930 na za 1990 akidhani ni eneo lile lile.

Alama ya pili iko kwenye 1885. Hati ya mfalme wa Ujerumani ya mwaka huo ilihusu nchi za karibu na pwani. Bendera ya Wajerumani ilipandishwa Tabora 1890, Emin Pasha, mjumbe wao, alipofika, na Mtemi Isike wa Unyanyembe aliendelea kuwapinga mpaka ngome yake ilipoanguka Januari 1893. Kuandika 1885 ni kumfuta Isike kwa tarakimu nne.

Ya tatu ni 1918. Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na Kigoma ilikuwa imeshatwaliwa mwishoni mwa Julai. Vita viliisha 1918 kwingine. Tena Kigoma ilibaki mikononi mwa Wabelgiji hadi 1921, jambo ambalo vitabu vya historia ya taifa hulipita kwa nusu sentensi ilhali kwa kitabu cha mkoa ni sura nzima.

Sentensi moja, maswali matatu. Mswada wa maneno 80,000 una sentensi kama 5,000. Si zote zina matatizo, lakini hesabu hiyo inaeleza kwa nini mhariri mmoja hawezi kuumaliza kwa mwezi.

Karatasi ziko miji mitano

Magharibi ina tabu yake ya pekee, maana watawala na wamisionari waliopita hapo kila mmoja aliondoka na karatasi zake. Mafaili ya utawala wa Kijerumani yako kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, katika kundi linaloanza na herufi G. Mengine yako Berlin, kwenye kumbukumbu za wizara ya makoloni, kundi R 1001. Mawasiliano ya Waingereza kati ya Tanganyika na London yako Kew, London, kundi CO 691. Miaka ya Wabelgiji inatafutwa Brussels. Wamisionari wa Afrika, wale White Fathers, waliandika shajara katika misheni zao, na kumbukumbu zao kuu ziko Roma. London Missionary Society, waliofika Ujiji 1878 na Urambo mwaka uliofuata, barua zao zinatunzwa na chuo cha SOAS, London.

Hakuna anayemtarajia mwalimu wa Nzega afike miji yote hiyo. Kinachotarajiwa ni tanbihi iseme alichokisoma yeye mwenyewe na alichokipata kwa mtu mwingine. Tanbihi nzuri ya waraka ina mambo manne: jina la hifadhi, namba ya faili, waraka wenyewe (nani kwa nani), na tarehe. "Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam" peke yake ni sawa na kumwelekeza mgeni nyumba kwa kumwambia "iko Tabora". Na kama barua ya Kijerumani umeisoma ndani ya kitabu cha mtafiti mwingine, andika "imenukuliwa na" fulani. Wengi huruka maneno hayo kwa kuona aibu. Kisha mhakiki anayesoma Kijerumani anaitafuta barua, anakuta ukurasa umeandikwa kosa vile vile kama katika kitabu kile cha awali, na hapo mswada mzima unatiliwa shaka. Mwandiko wa mkono wa Wajerumani wa enzi hizo ni wa mtindo ambao hata Mjerumani wa leo husoma kwa kufundishwa, kwa hiyo hakuna aibu yoyote katika kuazima macho ya mwingine.

Kwa hati za serikali zilizo nchini, kanuni ya kawaida ni kuwa zinafunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Mtafiti anahitaji pia kibali cha utafiti, ambacho hutolewa na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) au hupitia chuo chake, na barua za kushuka ngazi: mkoa, wilaya, kata. Nakala zake zitunzwe. Mchapishaji anaweza kuziomba miaka mitatu baadaye, na afisa aliyezisaini atakuwa ameshahamishwa.

Wasomaji wawili wasiojulikana

Mswada ukipita mikononi mwa mhariri wa kwanza, hupelekwa kwa wahakiki wawili, kwa kawaida bila jina la mwandishi, na mwandishi naye haambiwi ni akina nani. Wanapewa wiki sita hadi kumi na mbili. Kusema kweli, katika historia ya Unyamwezi au Buha usiri huu ni wa nusunusu. Wanaolijua eneo kwa undani ni wachache na hutambuana kwa mtindo wa hoja tu. Bado unasaidia, ilimradi mwandishi asijifichue kwa kuandika "kama nilivyoonesha katika tasnifu yangu".

Neno tasnifu limekuja lenyewe, na ndilo chanzo kikubwa cha miswada kurudishwa. Tasnifu iliyobadilishwa jalada si kitabu. Sura ya kueleza wataalamu wengine walisema nini, sura ya mbinu za utafiti, malengo mahususi kuanzia la kwanza hadi la nne: vyote hivyo viliandikwa kwa ajili ya watahini. Msomaji wa Kasulu anataka kuanza na Buha. Ukikata hayo, robo ya kurasa huondoka na hoja inasimama vizuri zaidi.

Ripoti ya mhakiki huwa kurasa mbili hadi tano na huishia kwenye moja ya hukumu nne: kichapwe, kichapwe kikirekebishwa kidogo, kiandikwe upya na kirudi, kikataliwe. Ya kwanza karibu haitokei. Ya tatu ndiyo inayowakatisha watu tamaa, kumbe ni mlango ulio wazi. Mwandishi hujibu kwa jedwali: hoja ya mhakiki kushoto, alichofanya kulia, na ukurasa. Hoja asiyokubaliana nayo anaijibu pia, kwa ushahidi. Mhakiki akitaka yasiyowezekana, mathalani uende Brussels kwa ajili ya miaka ya 1916 hadi 1921, dawa ni kupunguza dai. Sema wazi kwamba sura hiyo imejengwa juu ya simulizi za Ujiji na Kigoma pamoja na nyaraka zilizopo nchini, na usidai kueleza sera ya Wabelgiji. Bodi hupitisha dai dogo lenye miguu kuliko kubwa linaloelea.

Mdomo wa mzee nao ni hifadhi

Simulizi ndiyo nguvu ya kitabu cha mkoa, na hapo ndipo miswada mingi huwa hoi. "Wazee wanasema" si chanzo. Chanzo ni mtu, mahali, tarehe ya mazungumzo, lugha iliyotumika, na ridhaa yake, iwe kwa saini au kwa sauti iliyorekodiwa. Kama mzee alizungumza Kinyamwezi au Kiha na kitabu ni cha Kiswahili, maneno yake ya asili yaandikwe angalau kwenye yale mafungu ambayo hoja inayaegemea.

Tarehe huhitaji ufundi. Mzee hatasema 1912. Atasema baba yake alizaliwa mwaka reli ilipofika Tabora. Hilo ni jibu kamili, kwa sababu reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mwandishi aache maneno ya mzee yalivyo, kisha aweke mwaka kwenye mabano au tanbihi. Wanaokosea huandika mwaka peke yake, na msomaji hawezi kujua ni kumbukumbu ya mzee au hesabu ya mwandishi. Orodha za watemi ni ngumu zaidi. Ukihesabu kizazi kimoja kwa miaka 25, watemi kumi ni miaka 250; lakini utemi ulipita pia kwa ndugu na kwa wapwa, kwa hiyo watemi kumi wanaweza kuwa vizazi vitano tu.

Kuna jambo la kisheria pia. Utawala wa machifu uliondolewa 1963, ila koo bado zipo, na kila ukoo unajua nani alistahili kiti. Mswada uliosikiliza nyumba moja tu ya ukoo wenye mgogoro, ukatangaza nyumba nyingine ilipora, utarudishwa na mhariri hata kama wahakiki wameupenda. Nyumba ya pili isikilizwe, au maandishi yaseme waziwazi kwamba hii ni kauli ya upande mmoja.

Vijimambo vya lugha vinavyokula wiki

Baada ya bodi kukubali, mkataba husainiwa na uhariri wa mstari kwa mstari huanza. Hapa kuna orodha moja ambayo mwandishi akiitengeneza mwenyewe huokoa mwezi mzima: orodha ya tahajia za majina. Mtemi au ntemi? Mwami (mtawala wa Buha), na wingi wake ni wamwami au abami? Uha au Buha? Kazeh, jina walilolitumia Burton na Speke walipofika 1857, litatumika wapi na Tabora wapi? Jibu lolote linakubalika ilimradi liwe moja kuanzia ukurasa wa 1 hadi wa mwisho.

Saa nazo huponza. Karani aliyeandika kwa Kiswahili kwamba msafara uliondoka saa mbili alimaanisha asubuhi ambayo Mzungu wa msafara huo huo ameiandika saa 8. Mwandishi akichanganya vyanzo hivyo viwili bila kuoanisha, msafara utaondoka mara mbili. Na tarehe zisizoafikiana zisilazimishwe: Stanley aliandika kwamba alikutana na Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, wakati shajara ya Livingstone, aliyekuwa amepoteza hesabu ya siku safarini, inaliweka tukio Oktoba. Mhariri atataka zote mbili zionekane.

Kompyuta ina vituko vyake. Programu ya kupanga kurasa iliyoachwa kwenye lugha ya Kiingereza hukata maneno ya Kiswahili mwishoni mwa mstari mahali pasipo silabi, ukapata "Unyan-" juu na "yembe" chini badala ya "Unya-nyembe". Na ile alama ya ng' hutokea kwa sura mbili, hapa imenyooka, pale imepinda. Katika kitabu cha nchi ya wafugaji, ng'ombe mmoja aliyekosewa hujirudia mara 140. Kazi ya kutafuta na kubadilisha huchukua dakika kumi kama ipo kwenye orodha. Ikigunduliwa kwenye prufu (nakala ya majaribio) ya pili ni kurasa zote kusomwa upya.

Picha, na jina la meli

Picha iliyopigwa kwa simu ikiwa bado ukutani, ndani ya fremu, na kioo kikimulika dirisha, haifai. Itolewe kwenye fremu, iskaniwe. Kiwango cha uchapaji ni nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa utakaochapwa: picha ya upana wa sentimita 12 inahitaji takriban nukta 1,400 kwa upana. Picha ndogo ya sentimita 6 utakayoikuza mara mbili iskaniwe kwa 600. Na isitumwe kama picha ya WhatsApp, kwa kuwa WhatsApp huikamua. Itumwe kama faili.

Maelezo chini ya picha hukosewa kuliko maandishi mengine yote, kwa sababu huandikwa mwishoni kwa haraka. "MV Liemba, Kigoma, 1915" ni kosa. Mwaka huo meli hiyo ilikuwa Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa 1924, na ikaanza kazi kwa jina la Liemba 1927. Halafu ruhusa. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyogongwa Tabora 1916, yenye tembo, ni ya zamani na haina mwenye hakimiliki, lakini picha yake uliyoitoa mtandaoni ina mpigapicha, na huenda yu hai. Ruhusa iombwe kwa maandishi, ikitaja idadi ya nakala na kama kutakuwa na toleo la kielektroniki.

Faharasa, yaani orodha ya majina na kurasa yanakopatikana, hutengenezwa kurasa zikishafungwa, na kwa Kiswahili ni kazi ya kichwa, si ya mashine. Mashine itatupa Wanyamwezi kwenye W, Unyamwezi kwenye U, Kinyamwezi kwenye K, na msomaji atakayeangalia sehemu moja atakosa theluthi mbili. Chagua ingizo moja kuu, mengine yaelekeze huko. Mashine pia itamchanganya Mtemi Fundikira wa karne ya 19 na Abdallah Fundikira, waziri katika baraza la kwanza la Tanganyika huru. Kitabu cha kurasa 256 huhitaji faharasa ya kurasa nane hadi kumi na mbili, na mtengenezaji mzuri huimaliza kwa wiki mbili.

Kurasa 259 na bei ya dukani

Karatasi ya mashine hukunjwa kuwa kurasa 16. Kurasa 256 ni mafungu 16 kamili. Ukifika 259 unalipia fungu la 17 na kurasa 13 zinabaki tupu; ndiyo maana mhariri anakuomba ukate aya tatu za shukrani. Kwa karatasi ya gramu 80, yenye unene wa karibu milimita 0.1, kurasa 256 ni majani 128, yaani mgongo wa milimita 13 hivi. Mchora jalada asipopewa kipimo hicho, jina la kitabu huteleza ubavuni.

Namba ya ISBN huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Za Tanzania baada ya 978 huendelea na 9976, 9987 au 9912. Toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja huchukua yake.

Kisha hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, uhariri, upangaji, ramani na mabamba ya kuchapia vimegharimu shilingi milioni 6, na kila nakala hula shilingi 8,000 za karatasi na kujalidi. Ukichapa 300, nakala moja imesimama 28,000. Ukichapa 1,000, ni 14,000. Bei ya dukani ikiwa 30,000 na duka likabaki na asilimia 35, mchapishaji anapata 19,500, na mrabaha wa mwandishi wa asilimia 10 ya hapo ni 1,950. Kwa nakala 300 kila kitabu kinachouzwa ni hasara ya zaidi ya 10,000. Kwa 1,000 kuna faida ndogo, ila 600 zikibaki stoo faida haipo, na mchwa hawasubiri mwaka wa fedha. Ndiyo maana wachapishaji wengi wa chuo huomba ruzuku kabla ya kusaini, au huchapa 150 za kidijitali na kuongeza kadiri maombi yanavyokuja, wakikubali kwamba kila nakala itagharimu zaidi.

Soko la kitabu cha mkoa, tofauti na la riwaya, linajulikana karibu kwa majina. Ni maktaba za vyuo na za mikoa, shule za sekondari za eneo, ofisi za halmashauri, watu wa huko waliohamia Dar es Salaam na Mwanza, na wageni wanaofika makumbusho ya Kwihara na Ujiji. Kosa la kawaida ni kuzindua kitabu Dar es Salaam, kuuza nakala 60 ukumbini, na kuacha maboksi stoo ya chuo huku Kigoma hakuna hata moja. Mwandishi anayesaini mkataba aulize kifungu cha usambazaji kinasemaje: nani analipa kusafirisha boksi hadi Kigoma, nakala ngapi anapewa bure (10 ni kawaida), anaweza kununua nyingine kwa punguzo gani, na kitabu kikiisha, miaka miwili ikapita bila kuchapwa tena, haki zinarudi kwa nani. Cha mwisho ndicho husahaulika, na ndicho kinachofanya vitabu vingi vya mikoa visipatikane popote ilhali mwandishi hana ruhusa ya kuvitoa upya.